Msasa Kwanza, Dawa Baadaye: Kung'arisha Kava la Injini kwa Mkono

Fungua boneti ya gari lililofanya kazi miaka kumi kati ya Ngaramtoni na Arusha mjini, utakuta kava la tapeti limevaa koti. Chini ni oili iliyovuja kidogo kidogo kwenye gasketi, juu yake ni vumbi la udongo wa volkano wa Mlima Meru, na vyote viwili vimepikwa na joto la injini hadi vikawa vigumu kama ukoko. Ndani ya koti hilo mara nyingi kuna alumini nzuri kabisa, inayoweza kung'aa kama mfuniko wa sufuria mpya.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari anayependa kushika kazi kwa mikono yake, na wa kijana anayejifunza gereji. Huhitaji mashine. Unahitaji msasa wa maji, ndoo mbili, sabuni, vitambaa na siku mbili zisizo na haraka. Nimechukua kava la tapeti kuwa mfano kwa sababu linafunguka kirahisi na linaonekana kuliko kitu kingine chochote chini ya boneti. Ukilimudu hilo, mabano ya alteneta, kifuniko cha themostati na bomba la alumini la kuingizia hewa utayafanya kwa namna hiyohiyo, kwa upande wa nje tu.

Kwa nini ujisumbue

Sababu ya kwanza ni ya kifundi. Kwenye injini chafu huwezi kujua oili inavujia wapi. Kava likiwa limeng'aa, tone la oili linaonekana siku ileile linapotoka, na unabadilisha gasketi kabla oili haijafika kwenye mkanda au kwenye bomba la moshi, ambako inaweza kuwaka. Pili, alumini iliyolainishwa haishiki uchafu: vumbi linafutika kwa kitambaa, wakati alumini yenye ngozi mbaya ya kalibu hulishika vumbi kama sandpepa. Tatu ni thamani ya gari. Mnunuzi akifungua boneti akaona injini iliyotunzwa, mazungumzo ya bei yanabadilika.

Nguvu ya injini haiongezeki. Ukiambiwa kwamba kung'arisha kava kunaifanya injini ivute zaidi au ipoe vizuri zaidi, usiamini. Na usichukue msasa kwenda kulainisha njia za hewa ndani ya manifodi kwa matumaini hayo. Kwenye njia hizo umbo lina uzito kuliko mng'ao, na kulibadilisha kunahitaji vipimo.

Mng'ao unatoka wapi

Wengi wetu tumeuona mng'ao wa alumini kwa mara ya kwanza jikoni. Mama anachukua majivu na mchanga laini, anasugua sufuria hadi inarudisha mwanga. Mchanga unatoa masizi, majivu yanafuta mikwaruzo ya mchanga. Kazi ya kava ni hiyohiyo, ila ngazi zake ni nyingi zaidi.

Uso wa chuma unafubaa kwa sababu una mifereji midogo inayotawanya mwanga. Kila msasa unachimba mifereji yake na kufuta ile ya msasa uliotangulia. Namba iliyo nyuma ya karatasi inaeleza ukubwa wa punje: namba ndogo, punje kubwa. Msasa wa P120 una punje za takriban mikroni 125, yaani sehemu ya nane ya milimita. P400 ni mikroni 35 hivi, P1000 ni 18, P2000 ni 10. Unywele wa kichwani una kama mikroni 70. Dawa ya kung'arishia inaweza kufuta mkwaruzo wa P2000. Mkwaruzo wa P220 haiwezi, hata usugue mpaka mkono uchoke.

Hapo ndipo wengi wanakosea, na mimi nilikosea. Kava langu la kwanza nilitoka P220 nikaruka moja kwa moja hadi P1000, nikapaka dawa, nikasugua jioni yote. Kwenye kivuli cha veranda lilipendeza. Kesho yake saa sita mchana nilipolitoa juani, mikwaruzo mirefu ya P220 ilijitokeza yote, imelala chini ya mng'ao kama nyayo za kuku kwenye tope lililokauka. Nililazimika kurudi P320 na kuanza upya.

Kwanza, jua umeshika nini

Kabla hujanunua msasa, fanya majaribio haya matatu:

- *Sumaku.* Ikinasa, kava ni la bati la chuma. Hilo husafishwa na kupakwa rangi. Ukilisugua hadi ling'ae, mvua ya kwanza ya masika italitia kutu.
- *Kucha na mlio.* Gonga kwa kucha. Mlio mfu na uzito mdogo mno ni dalili ya plastiki, na magari mengi ya miaka ya karibuni yana kava za plastiki. Ishia kwenye sabuni na maji.
- *Tone la siki.* Kwaruza mahali pa ndani pasipoonekana, dondosha siki. Alumini itatulia. Ikitoa mapovu kwa kasi, huenda ni magnesiamu: iache. Vumbi la magnesiamu linawaka moto, na moto wake haukubali kuzimwa kwa maji. Volkswagen za zamani zenye injini nyuma, kwa mfano, mwili wa injini yake ni wa aloi ya magnesiamu.

Sehemu yenye kromu usiipige msasa kabisa. Kromu ni ngozi nyembamba sana, ukiitoboa huna namna ya kuirudisha nyumbani.

> USIPIGE MSASA HAPA
> - Uso unaokutana na gasketi, hata kama una madoa
> - Kingo za tundu za plagi na mahali sili zinapokaa
> - Ndani ya kava, upande unaotazama kamshafti
> - Nyuzi za boliti na za kifuniko cha oili
> - Kitu chochote kikiwa bado kimefungwa kwenye injini
> - Mabaki ya gasketi ya injini ya zamani, yakiwa makavu: baadhi yana asbesto. Yaloweshe, yakwangue kwa kibao, yafunge kwenye mfuko

Hatari kubwa kuliko zote ni punje

Alumini yenyewe ni laini. Lakini ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba ya oksidi, na oksidi hiyo ni ngumu kiasi kwamba ndiyo inayotengenezewa punje za misasa mingi. Sasa fikiria chini kule, kwenye metali (beringi) za krenki. Nafasi ya oili kati ya metali na krenki kwenye injini nyingi za magari madogo ni mikroni 25 hadi 50 tu. Punje moja ya P400 inajaza nafasi hiyo. Inajichimbia kwenye metali laini na kukaa hapo, ikikwaruza krenki kila inapozunguka.

Kampuni ya General Motors ya Marekani ilipata kuwaandikia mafundi wake waraka wa kuwakataza kutumia visahani vya kusugulia kwenye nyuso za gasketi, kwa sababu punje za oksidi ya alumini zilikuwa zinaingia kwenye oili na kuua metali. Hao walikuwa mafundi wa karakana kubwa. Wewe uliye chini ya mwembe una sababu zaidi ya kuogopa.

Kava nyingi zina bati la ndani lililowekwa kuzuia oili isirushwe kwenye bomba la pumzi. Nyuma ya bati hilo kuna chumba ambacho maji ya msasa yanaingia kirahisi na hayatoki. Kama bati limefungwa kwa skrubu, litoe. Kama limegongelewa ribiti, ziba kila tundu linaloingia humo kabla maji hayajagusa kava.

Vifaa

- Msasa wa maji: P120, P220, P320, P400, P600, P800, P1000, P1500, P2000. Karatasi mbili mbili za namba za mwanzo, moja moja za mwisho
- Kipande cha kandambili cha ukubwa wa kiberiti, kwa sehemu zenye mviringo, na kibao kidogo kwa sehemu bapa
- Penseli na vijiti vya unene tofauti vya kuzungushia msasa kwenye kona
- Ndoo mbili, sabuni ya maji, brashi ya plastiki, mswaki wa zamani
- Mafuta ya taa kidogo, kwa kuosha oili
- Tepu ya karatasi, mifuko safi ya plastiki, kipande cha boksi
- Makapeni
- Dawa ya kung'arishia metali (Brasso au Autosol zinatosha)
- Fulana za pamba zilizochakaa, zimefuliwa na kukatwa
- Unga wa ngano, konzi moja
- Gasketi mpya ya kava, na sili mpya za tundu za plagi kama gari lako linazo
- Miwani, glovu na barakoa

Kama hujawahi kufanya kazi hii, tafuta mfuniko wa sufuria iliyotoboka ufanyie mazoezi. Kosa lililofanyika kwenye mfuniko halina gharama.

Sehemu ya kwanza: kufungua na kuosha

1. Chagua siku na mahali. Kiangazi upepo wa mchana unarusha vumbi hadi ndani ya nyumba, na punje moja ya mchanga kwenye hatua ya P2000 inaharibu kazi ya saa nzima. Anza asubuhi, kwenye veranda, na mwagia sakafu maji kwanza.
2. Acha injini ipoe kabisa. Toa waya wa hasi wa betri. Piga picha za nyaya na mipira kabla hujachomoa chochote.
3. Safisha kuzunguka kava kwa brashi na kitambaa chenye mafuta ya taa *kabla* ya kulifungua, ili uchafu usidondokee kwenye valvu.
4. Legeza boliti kidogo kidogo, ukianzia za pembeni kuja katikati. Zichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule zilivyokaa, kwa maana urefu wake huenda usilingane.
5. Funika injini iliyobaki wazi kwa plastiki safi, zungushia tepu, shusha boneti. Ondoka hapo. Kazi ya msasa ifanyike mbali na gari.
6. Osha kava kwa mafuta ya taa na brashi, kisha kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili. Usisogee karibu na jiko au sigara.

Usitumie kostiki soda. Inaila alumini yenyewe na kutoa gesi inayowaka. Magadi nayo hayafai, ingawa yanapatikana kila soko la huku kwetu na yanakata mafuta vizuri: umeona sufuria ya alumini inavyokuwa nyeusi ukichemshia maharage yenye magadi. Kava litafanya vivyo hivyo.

7. Toa gasketi na sili. Ziba tundu zote kwa vitambaa na tepu, na bandika tepu ya karatasi juu ya uso wa gasketi mzingo mzima, tabaka mbili.

Sehemu ya pili: msasa

Huu ndio moyo wa kazi, na ndio utakaokula muda wako. Kava la injini ya silinda nne huchukua kati ya saa tano na nane za msasa. Dawa inachukua saa moja.

8. Loweka karatasi za msasa robo saa, ndani ya maji yenye matone machache ya sabuni. Sabuni inazuia alumini isigande kwenye punje. Usisugue kavu. Maji yanashika vumbi la alumini lisiingie kifuani mwako.
9. Chagua namba ya kuanzia. Uso wenye ngozi mbaya ya kalibu, au wenye rangi ya zamani, anza P120. Uso uliokwisha kuwa laini, anza P220 au P320. Usianze na namba kali kuliko inavyohitajika. Kila mkwaruzo unaouchimba ni lazima uje uufute.
10. Chora uso mzima kwa makapeni, mistari ya ovyo. Sugua kwa mwelekeo mmoja tu, tuseme kwa urefu wa kava, hadi mistari yote ipotee. Palipobaki wino ni bonde ambalo msasa haujafika.
11. Suuza. Futa. Peleka kava juani, ligeuzegeuze. Unatafuta mkwaruzo wowote usiofanana na mingine.
12. Badilisha namba, na *badilisha mwelekeo*. Kama P220 ilikwenda kwa urefu, P320 iende kwa upana. Sasa mikwaruzo ya zamani inajionyesha yenyewe, maana imekatiza mipya. Sugua hadi usione hata mmoja wa ule mwelekeo wa kwanza, kisha ongeza dakika tano.
13. Kabla ya kila namba mpya, mwaga maji ya ndoo zote mbili, osha kava, osha mikono na kucha, osha na kipande cha kandambili. Punje moja ya P220 iliyobaki kwenye kandambili itakuchorea mstari mrefu ukiwa P1500, na hutajua umetoka wapi.
14. Endelea P400, P600, P800, P1000, P1500, P2000, ukipishanisha mwelekeo. Usiruke. Kuanzia P800 punguza nguvu ya mkono. Acha uzito wa vidole ufanye kazi.

Ukifika P600 uso utakuwa wa kijivu uliotulia, kama magamba ya samaki mkavu, na utakata tamaa kidogo kwa sababu haung'ai. Ni sawa. Kwenye P1500 utaanza kuona kivuli cha vidole vyako. Kwenye P2000 utaona dirisha.

Kuhusu herufi zilizoinuka, yaani jina la kampuni na idadi ya valvu: nashauri uache rangi ya asili kwenye mabonde, usugue vichwa vya herufi tu kwa kibao bapa. Rangi nyeusi na herufi zinazong'aa zinapendeza kuliko kava lililopauka lote, na unajiokolea kazi ya kona zisizofikika.

Sehemu ya tatu: dawa

15. Osha kava kwa maji safi, kausha kwa kitambaa ambacho hakijawahi kushika msasa.
16. Tia dawa kiasi cha punje ya harage kwenye fulana, sugua eneo la ukubwa wa kiganja kwa mizunguko midogo, kwa nguvu, dakika tatu. Kitambaa kitakuwa cheusi ti. Huo ni unga wa alumini yenyewe unaotoka, kazi inakwenda vizuri.
17. Kabla dawa haijakauka, geuza kitambaa upande safi ufute. Rudia mara tatu kila eneo.
18. Nyunyiza unga wa ngano, sugua kwa kitambaa kikavu. Unga unanyonya mafuta ya dawa yanayoacha ukungu. Halafu suuza.

> UKIONA HIVI, FANYA HIVI
> - *Mistari mirefu chini ya mng'ao:* uliruka namba. Rudi P400 au P320, eneo hilo tu, upande ngazi upya.
> - *Vishimo vyeusi:* ni vya kalibu, au alumini imeliwa. Ukivifuatilia vyote utalitoboa kava. Viache.
> - *Ukungu mweupe:* dawa ilikaukia. Paka tena, futa ikiwa mbichi.
> - *Mawimbi kwenye sehemu bapa:* ulisugua kwa vidole vitupu. Rudi P400 ukitumia kibao.
> - *Msasa haukati tena:* umejaa alumini. Uoshe kwa mswaki. Ukikataa, chukua mwingine.

Kurudisha kava

Toa tepu na vitambaa vyote, uvihesabu. Osha kava kwa sabuni na maji ya moto, ndani na nje, suuza kwa maji yanayotiririka, pulizia upepo kila tundu na nyuma ya bati la ndani. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye oili safi ya injini, pitisha ndani ya kava lote. Kikitoka na unga wa kijivu, osha tena. Rudia hadi kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Hatua hii usiifanye usiku kwa mwanga wa simu.

Weka gasketi mpya. Usirudishe ya zamani hata kama inaonekana nzima, kwani mpira uliopikwa miaka kumi haukazi tena. Silikoni ipakwe kidogo tu, kwenye kona ambazo kitabu cha gari kinaelekeza. Boliti zirudi mahali pake, ukikaza kidogo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni. Kwenye magari mengi madogo ni za spana namba 10, na nguvu yake mara nyingi haizidi nyutoni-mita 10. Hiyo ni nguvu ya kiwiko kilichotulia. Kukaza kwa hasira kunapinda kava na kusababisha uvujaji uleule uliotaka kuumaliza.

Maji ya msasa usiyamwage kwenye mfereji. Mifereji ya huku inanywesha migomba na mboga za watu. Acha ndoo ilale usiku kucha, tope litatuama. Yamwage maji mbali na shamba, tope lifunge kwenye mfuko pamoja na vitambaa vyenye mafuta ya taa.

Kulitunza

Alumini itaanza kufubaa tena, kwa sababu ngozi ya oksidi haizuiliki. Sisi wa mlimani tuna nafuu kuliko wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam, ambako chumvi ya bahari inaila alumini hadi inatoboka vishimo vishimo. Nta ya gari haidumu juu ya kava linalochemka kila siku. Kinachofaa ni kitambaa kikavu kila wiki na dawa kidogo kila baada ya miezi michache, dakika kumi na tano tu. Msasa hautauhitaji tena kwa muda mrefu, mradi usiruhusu waosha magari walipige kava kwa brashi ya waya.

Lakini kabla ya kufikiria matunzo, ukishamaliza kufunga kava, washa injini dakika kumi, zima, angalia kingo zote za gasketi kwa tochi. Endesha hadi mjini na kurudi, kisha fungua boneti tena ikiwa imepoa. Pitisha kidole chini ya ukingo wa kava, upande wa nyuma kusikoonekana. Kidole kikitoka kikavu, kazi imekwisha. Kikitoka na oili, rudi kwenye gasketi leo hii, mng'ao utasubiri.